Kiti cha Alhamisi

Kwa miaka saba nilizungumza na Tusekile kila Alhamisi, lakini ukiniuliza sura yake ilikuwaje, siwezi kukueleza. Sauti yake naijua. Mgongo wake naujua, na mwavuli wake mweusi wenye waya mmoja uliovunjika, na mlio wa maganda ya ndizi yakianguka ndani ya karai. Uso wake sikuwahi kuutazama, kwa sababu alikuwa mkamwana wangu.

Nieleze hapo, maana si kila msomaji ni mtu wa Rungwe. Marehemu mume wake, Wilson, alikuwa mtoto wa kaka yangu. Kaka huyo alinizidi zaidi ya miaka thelathini, baba mmoja mama tofauti, kwa hiyo Wilson alikuwa mkubwa kwangu kwa umri. Lakini kwa ukoo mimi nilikuwa baba yake mdogo, na mke wake ni mke wa mwanangu. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na mkwe wake hawaonani. Mwanamke akimwona mkwewe anakuja, anatoka njiani, anaingia kwenye migomba na kugeuza uso mpaka apite. Jina la mkwe halitamki. Na mkwe mwenye adabu, akimwona mkamwana kwa mbali, anakohoa, au anashika njia nyingine ili asimsumbue. Vijana wa sasa wanapeana mikono tu. Tusekile hakuwa kijana. Aliporudi kijijini kwetu Kyimo alikuwa na miaka hamsini na saba, na mimi nilikuwa na arobaini na tatu.

Alirudi mwaka 1995. Alikuwa nesi wa wagonjwa wa akili huko Dodoma kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi na yeye akawamo. Alishuka Tukuyu na sanduku la bati, redio na ule mwavuli, akaingia katika nyumba ya mumewe iliyo kando ya njia ya kijitoni. Watu wakamcheka.

"Nesi mzima, umewachoma sindano wanaume maisha yako yote, leo unajificha kwenye migomba kama bibi harusi!"

"Kule nilivaa sare," aliwajibu. "Sare nimeirudisha stoo."

Mimi nami nilikuwa nimepunguzwa, ingawa hakuna aliyeniandikia barua. Nilikuwa nabeba na kupima magunia ya kahawa katika ghala la chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, ghala likabaki na panya. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikipalilia migomba ambayo haikuhitaji kupaliliwa. Kisha nikasikia kuna kituo kinatafuta walezi, na kwamba darasa la saba linatosha.

Kituo chenyewe kilikuwa hapo hapo Kyimo, nyumba ndefu ya matofali iliyojengwa na wazazi wachache kwa msaada wa wafadhili. Walikaa humo watu kumi na mmoja wenye ulemavu wa akili, wakubwa kwa wadogo. Baadhi yao walipiga, waliuma, walirusha vyombo, au walijiumiza wenyewe. Kazi yetu walezi ilikuwa kuishi nao na kutafuta kwa nini mtu anafanya anavyofanya, ili apate namna nyingine ya kusema anachotaka. Hivyo ndivyo alivyotufundisha Madam Loyce, mkuu wa kituo, mtu wa Singida aliyesomea ustawi wa jamii. Alitupa kila mmoja daftari. Mtu akichafuka, akaanza kupiga au kujiumiza, tuliandika siku, saa, mahali, na sababu.

Mimi nilipewa Rodrick. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, mabega mapana, na hakusema hata neno moja. Kabla ya kuletwa kituoni alifungwa mguu kwenye nguzo ya jiko la mama yake kwa miaka sita. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na shamba, na Rodrick akiachwa alikwenda popote, hata katikati ya lami kwenye malori. Alama ya kamba ilikuwa bado ipo mguuni. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni maji. Alipenda kujaza dumu lake la njano kijitoni, kulibeba begani, na kumimina kwenye pipa huku ameinamisha sikio asikie yanavyoingia. Kila siku saa nne asubuhi tulikwenda naye.

Lakini siku nyingine, tukiwa njiani, aliangusha dumu na kuanza kujipiga ngumi kichwani. Alijiuma mkono mpaka damu. Nikimshika aliniuma na mimi. Jioni niliandika daftarini: saa nne na robo, njiani, bila sababu. Ukilifungua daftari lile la mwaka 1997, utakuta maneno hayo kurasa na kurasa. Bila sababu.

Mwezi wa tatu kamati ya wazazi ilisema ingekaa mwisho wa Mei kuamua. Kama Rodrick angeendelea vile, angerudishwa kwao. Nilikwenda kwao siku moja kuchukua nguo zake, nikaiona ile nguzo. Ilikuwa imelainika upande mmoja, mahali kamba ilipokuwa ikizunguka.

Madam Loyce aliona tunachoka. Esnath, mlezi mwenzangu, alikuwa amewahi kumtukana mtoto mbele ya wageni, kisha akalia jikoni siku nzima. Ndipo Madam akaenda kumwomba Tusekile aje kufanya kazi nasi. Tusekile akakataa kuajiriwa, lakini akakubali kuja siku moja kuzungumza.

Wenzangu walikaa kwenye chumba cha chakula. Mimi nilikaa stoo, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Mwenzetu Prosper alinichungulia.

"Kaka Nsajigwa, unajificha na maharage?"

"Niache."

"Ukisikia njaa usiyale mabichi."

Kisha nikasikia sauti ya Tusekile, ya chini, isiyo na haraka.

"Madam ametaka kuniajiri," alisema. "Nimekataa, na sababu nawaambia mbele yake. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpiga mgonjwa kofi. Alikuwa mama mzee, alinitemea uji. Nilimpiga, nikamfuta uso, nikaendelea kugawa uji. Mtu wa kumwambia alikuwa sista mkuu wa wodi, na sista mkuu ndiye aliyekuwa akiandika ripoti yangu. Sikumwambia. Mwezi uliofuata nilimpiga mwingine, na huyo sikumfuta uso."



"Kwa hiyo mimi sitakuwa mtu wa kituo. Kila mmoja wenu atakuja nyumbani kwangu siku yake, mara moja kwa wiki. Atakalosema litabaki kwangu. Siandiki. Simwambii Madam, simwambii mchungaji, na majina sitayataja popote. Nitawaita kwa siku zenu tu, wa Jumanne, wa Jumatano. Kitu kimoja nawaambia mapema, msije mkasema niliwategea. Ukiniambia kuna mtu anaumizwa, na mimi nikaona ataumizwa tena, hilo sitalikalia. Lakini sitapita nyuma yako. Nitakwambia wewe kwanza, na tutakwenda pamoja."

"Na mimi kama sina la kusema?" aliuliza Esnath.

"Utanisaidia kumenya ndizi."

Wakacheka. Madam Loyce akauliza yeye atajuaje basi kama kazi inafanyika.

"Utawaona wao," alisema Tusekile.

Pale stoo nilielewa jambo moja ambalo sidhani wenzangu waliling'amua. Hakuweza kulitamka jina langu kwa desturi. Kama angewataja wenzangu kwa majina na mimi akaniruka, kila mtu angejua pengo lile ni la nani. Kwa hiyo alikuwa ameyaondoa majina yote.

Hata hivyo sikwenda. Mimi nilikuwa wa Alhamisi. Saa tisa mchana niliaga, nikapita chini kwenye mashamba ya chai, nikapanda hadi Tukuyu sokoni. Nilisimama kwenye mitumba nikipapasa makoti, kisha nikarudi.

"Umefika kwa mama?" aliuliza Madam.

"Ndiyo, natoka huko."

Nilisema hivyo Alhamisi sita. Ningemwelezaje mtu wa Singida kwamba mwanamke yule siwezi hata kusimama naye njia moja? Na hata asingekuwa mkamwana wangu, sijui kama ningeweza. Mimi ni mtu ambaye hata kanisani sikai mbele.

Kisha ikaja Jumatatu moja ya mwezi wa tano. Mvua ilikuwa inanyesha. Njiani Rodrick alijipiga mpaka sikio likavuja damu. Mfukoni nilikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli ninachofungia majani ya ng'ombe. Nilimrudisha kituoni, nikamkalisha kwenye benchi nyuma ya jengo, nikamfunga mikono. Nilitegemea atapigana na mimi. Hakupigana. Aliikusanya mikono yake mwenyewe, akainamisha kichwa, akatulia. Kazi hiyo alikuwa anaijua.

Hilo liliniumiza kuliko kuumwa, lakini Jumatano nilimfunga tena. Nilimvalisha sweta la mikono mirefu. Tukuyu kuna baridi, hakuna anayeuliza sweta.

Alhamisi Esnath alinikuta naosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa.

"Leo siku yako," alisema.

"Najua."

"Wiki iliyopita nilipita kwa mkamwana wako. Na wiki ile nyingine. Kiti kiko nje ya jiko, kitupu, kinanyeshewa. Wewe unakwendaga wapi?"

"Sokoni."

"Kununua nini? Hujarudi hata na kitunguu!"

Akaninyang'anya sufuria.

"Ni mkamwana wangu, Esnath. Nitakaaje naye?"

"Nani amekuambia mkae mtazamane? Nenda ukaone kiti kimewekwaje, halafu ndiyo uniletee hayo maneno ya mkamwana."

Nikaenda. Jiko la Tusekile lilikuwa la kuta za mianzi, limesimama peke yake kando ya nyumba. Nilikohoa tangu kwenye mgomba wa kwanza. Nikasikia miguu ikiingia ndani, na mlango ukafungwa. Kiti kilikuwa nje, mgongo wake umeegemezwa kwenye mianzi, kinatazama migomba. Mtu akikikalia, yeye na aliye ndani wanapeana migongo, na kati yao upo ukuta.

"Ndaga, tata," sauti ilisema kutoka ndani. Tata ni baba kwa Kinyakyusa, na ndaga ni asante na salamu kwa pamoja. "Karibu ukae. Kipanguse, kimelowa."

Nilikipangusa kwa kofia. Nilikaa. Nyuma yangu kisu kilianza kumenya, na maganda yakaanza kuanguka ndani ya karai.

"Nimekitoa Alhamisi zote," alisema. "Leo ya saba."

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nimeyafikiria sana hayo baadaye: mwanamke mwenye ng'ombe wawili na shamba, Alhamisi sita anatoa kiti, anaingia ndani, anakaa amegeukia upande mwingine muda wote uliopangwa, akimsubiri mtu asiyekuja. Na Madam hakuambiwa.

Tulizungumza Kinyakyusa, hapa naandika kwa Kiswahili. Wazee wa zamani wasingekubali hata hivyo tulivyofanya. Lakini hatukuonana, na jina langu hakulitamka. Nami niligundua kwamba maneno hutoka kwa urahisi ukiwa unatazama migomba.

"Nimemfunga," nilisema.

Kisu kikasimama. "Nani?"

"Rodrick. Mikono. Jumatatu, na jana."

"Leo?"

"Leo bado."

"Na kesho?"

"Sijui."

"Asante kwa kusema hujui. Ungesema hapana, nisingekuamini. Lakini tata, hilo ndilo nililowaambia siku ile. Sitalikalia. Kabla ya Jumatatu saa nne uwe umemwambia Madam kwa mdomo wako. Ukishindwa kwenda peke yako, tutakwenda wote."

"Tutakwendaje wote, wewe na mimi?"

"Wewe utatangulia. Mimi nitafuata na mwavuli."

Nilicheka, nikashangaa kwamba nimecheka.

"Huo mpira uko wapi?"

"Mfukoni."

"Upitishe hapa."

Kati ya mianzi palikuwa na upenyo. Niliingiza ncha ya mpira, ukavutwa ndani mpaka ukaisha.

"Kesho msiende kijitoni, kaa naye uani," alisema. Kisu kikaanza tena. "Sasa nieleze Jumatatu yenu tangu mlipotoka getini. Taratibu. Mimi njia hiyo siijui."

"Unaijua, inapita hapa kwako."

"Leo siijui."

Nikamweleza. Tulitoka, Rodrick mbele na dumu. Tukapita kwenye mti wa parachichi. Tukapita kwa fundi. Alikuwa anafurahi, anatikisa dumu. Kisha akaanza kujipiga, bila sababu.

"Bila sababu. Hiyo aliyesema ni yeye au ni wewe?"

"Niliandika mimi."

"Basi turudi nyuma kidogo. Mmepita kwa fundi. Halafu?"

"Halafu tukashika njia ya juu."

"Ile inayozunguka kwenye chai? Ile haifiki majini upesi."

"Haifiki."

"Kila siku mnashika ya juu?"

"Hapana. Siku nyingine tunanyoosha."

"Na siku mnazonyoosha, anajipiga?"

Nilitafuta kichwani. Nilirudi wiki moja, nikarudi ya pili. "Hapana," nilisema, na mimi mwenyewe nikasikia sauti yangu imebadilika. "Anajipiga Jumatatu. Jumatano. Ijumaa."

Kisu kilisimama kabisa. Ng'ombe alilia bandani, kisha akanyamaza.

"Tata," alisema Tusekile polepole. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa napeleka maziwa hotelini Tukuyu. Saa nne na robo narudi. Ninyi mnapokuja, mimi niko njiani."

Na mimi sikuwa nimeliona! Kila nilipouona mwavuli mweusi kwa mbali, nilikohoa, nikamvuta Rodrick kwenye njia ya juu. Kwangu hilo halikuwa tendo hata kidogo. Lilikuwa kama kufumba jicho vumbi likija. Nani huandika daftarini kwamba alifumba jicho?

"Ulimwambia nini kabla ya kugeuka?"

"Sikumwambia kitu. Yeye hasemi."

"Hasemi, lakini masikio anayo. Ulimshika wapi?"

Niliitazama mikono yangu. "Kwenye kiwiko. Hapana. Hapa, kwenye kifundo cha mkono."

Pale ndipo Rodrick alipokuwa akijiuma. Alikuwa anakwenda kwenye maji yake, ghafla mtu anamkamata mkono na kumgeuza, maji yanapotea, na hakuna anayemwambia yatarudi au hayarudi. Naye ni mtu aliyejua kamba ni nini.

"Ni heshima yetu, mimi na wewe," alisema Tusekile. "Tumeheshimiana juu ya kichwa chake."

Nikamwomba abadili saa ya maziwa.

"Naweza," alisema. "Lakini wewe una kaka wangapi? Nusu ya Kyimo ni wakamwana zako. Utaihamisha yote?"

Jumamosi yake Esnath alimwogesha Rodrick, akaona alama mikononi, akamwita Madam Loyce. Madam alikwenda moja kwa moja kwa Tusekile. Madam mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye.

"Mama, niambie ni nani amefanya hivi."

"Yaliyosemwa hapa sikuambii."

"Kwa hiyo yamesemwa!"

"Niulize kama Rodrick atafungwa leo au kesho. Hatafungwa. Chombo ninacho mimi."

"Niambie basi ni wa siku gani."

"Jumatatu saa nne mtu atakuwa amekuja kwako, ama peke yake, ama na mimi. Madam, chai yako inapoa."

Madam aliinywa chai ile kwa hasira, akaondoka. Alisema alijua angeweza kutuita wote na kutubana. Hakufanya. Alisubiri.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Niliingia, nikasimama. Alikuwa amenikazia macho. Basi nikageuka, nikaitazama kalenda ukutani, nikasema yote kuanzia mpira hadi sweta, na Alhamisi sita za sokoni.

"Unaongea na nani?" aliuliza Madam.

"Na wewe, Madam. Nisamehe, hivi ndivyo ninavyoweza."

Nilipewa barua ya onyo. Niliondolewa kwa Rodrick wiki mbili. Na nilitakiwa kwenda kumwambia mama yake kwa mdomo wangu. Mama yule alinisikiliza amesimama na jembe.

"Mimi nilitumia katani," alisema, kisha akakaa chini akalia. Nilikaa naye mpaka akamaliza.

Prosper ndiye aliyekwenda kijitoni na Rodrick wiki zile mbili. Yeye hakuwa mkwe wa Tusekile, alimsalimia na kupita. Rodrick hakujipiga hata siku moja. Lakini Prosper alikuwa na watu wake watatu. Siku tatu kabla ya kamati kukaa, Madam aliniita.

"Rodrick ni wako, sina mwingine. Kesho Jumatano utakwenda naye, na mimi nitafuata nyuma. Nitakachokiona ndicho nitakachoiambia kamati."

Asubuhi ile manyunyu yalikuwa yanaanguka. Getini nilimshikisha Rodrick dumu, nikagonga kwa kidole ili lilie. "Tunakwenda majini," nilimwambia. "Kwanza parachichi. Halafu fundi. Halafu kuna mama mwenye mwavuli. Halafu maji." Alilitikisa dumu.

Tulipita parachichi. Tulipita kwa fundi, na mbele nikauona mwavuli. Kikohozi kikapanda chenyewe. Miguu yangu ilikuwa imekwisha kugeukia juu, nakwambia ukweli, iligeuka kabla yangu. Rodrick alinitazama. Mkono wake wenye dumu ukakaza.

Nikaimeza ile pumzi. "Mama mwenye mwavuli," nilisema. "Halafu maji." Nikanyoosha.

Tusekile naye hakuingia kwenye migomba. Alisogea ukingoni mwa njia, akasimama, akaushusha mwavuli mpaka ukamfunika kichwa na mabega. Mimi niliyaweka macho yangu kwenye mgongo wa Rodrick. Nilihesabu hatua. Mkwe na mkamwana, njia moja, upana wa mkeka kati yetu, na Madam wa Singida nyuma asielewe kwa nini jasho linanitoka kwenye baridi.

Rodrick akasimama. Aliweka dumu chini, akainama, akachungulia chini ya mwavuli kama mtu anayechungulia kuku kwenye tenga. Alikaa hapo kitambo. Kisha akacheka, na chini ya mwavuli mwanamke naye akacheka. Sura yake Rodrick aliiona. Mimi sikuiona.

Akaokota dumu lake, akatangulia majini.

Kamati ilikaa Ijumaa, ikasema Rodrick abaki.

Alhamisi, kabla kamati haijakaa, nilikwenda. Nilikohoa, mlango ukafungwa. Kiti kilikuwa mahali pake, na mguu wake mmoja uliolegea ulikuwa umekazwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilikaa.

"Ndaga, tata. Jana njiani ilikuwaje?"

"Hakujipiga."

"Hilo nimeliona. Nakuuliza wewe."

Nilitazama migomba. Yale waliyoyasema wenzangu siku zao siyajui mpaka leo. Langu la siku ile lilikuwa dogo.

"Miguu ilitetemeka," nilisema.

Maganda yalianguka, moja, na jingine.

"Na yangu, tata," alisema Tusekile.